Mcheza Kwao Hutunzwa: Kumbukumbu ya Waliowafundisha Vijana Wetu Mpira

Wazee wetu waheshimiwa, na wanachama wenzetu,

Ni desturi ya taarifa yetu ya mwaka kwamba baada ya hesabu za fedha, na kabla ya orodha ya waliotutoka, pawepo kurasa chache za historia. Mwaka huu Kamati imetutaka tuandike juu ya mpira wa miguu. Si juu ya mabao na vikombe, maana hayo huhadithiwa kila siku katika vibanda vya chai, bali juu ya watu waliowafundisha vijana kucheza. Tuliipokea kazi hiyo kwa furaha, na pia kwa haya kidogo. Sababu ya haya hiyo yatupasa tuieleze mwanzo.

Tulipotaka kuanza, tulifungua madaftari ya zamani ya Chama, yale ambayo ni wajibu wetu wa ukarani kuyatunza. Tulikuta humo gharama ya kukodi lori la kuwapeleka mashabiki Kisumu. Tulikuta bei ya soda na mikate ya wageni. Tulikuta hata bei ya dawa ya kung'arishia kikombe. Lakini popote tulipotafuta jina la mwalimu wa mpira hatukuliona. Hakuandikwa kwa malipo, wala kwa nauli, wala kwa shukrani. Kila jioni alikuwapo uwanjani na filimbi yake, akaonekana kama mti wa kivulini, ambao watu hukaa chini yake mwaka hadi mwaka pasipo kuuliza ni nani aliyeupanda.

Wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa. Mchezaji tumemtunza kweli. Tumembeba mabegani, tumempa kuku, tumemtafutia kazi kiwandani. Je, yule aliyemfundisha ametunzwa na nani?

Majina ya walimu wa hapa kwetu, wa Muhoroni, Koru, Tamu na Chemelil, hatutayachapa katika kitabu hiki. Yatasomwa kwa sauti katika mkutano mkuu, mbele ya jamaa zao, kama adabu yetu inavyotaka. Hapa tumechagua kusimulia habari za mtu mmoja ambaye maisha yake yanajulikana na nchi nzima, ili kwa mfano wake tupate kuipima kazi ya wale ambao hawakujulikana. Mtu huyo ni marehemu Bwana Edward Carey Francis, aliyekuwa mkuu wa shule ya Maseno. Twajua kwamba kwa baadhi ya wazee wetu jina hilo halikubaliki bila maneno. Twawaomba watusikilize hadi mwisho. Maneno yao tutayafikia.

Kwanza tukumbuke jinsi mpira ulivyofika. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita hapa Muhoroni, ikateremka katika tambarare ya Kano, ikafika ziwani Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Kwa reli hiyo walikuja mafundi, makarani, askari, wafanyabiashara na wamisionari. Mwaka 1906 wamisionari wa CMS walifungua shule ya Maseno. Watoto wa kwanza wa shule hiyo hawakuwa kondoo wa kupelekwa popote: mwaka 1908 waligoma, wakidai wafundishwe masomo ya kitabu badala ya kazi za mikono. Katika shule za namna hiyo, za Waprotestanti na za Wakatoliki, ndimo vijana wengi wa pwani ya ziwa walipojifunza kwamba mpira una sheria, una mipaka ya chokaa, na una mtu mmoja mwenye filimbi ambaye neno lake ni la mwisho. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya sabuni, na tangu hapo kijana wa kijijini aliweza kuota ndoto ya kuichezea nchi yake.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1928, Bwana Francis alifika Maseno. Alikuwa amezaliwa Uingereza mwaka 1897. Alipigana katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha akasoma hesabu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na akawa mwalimu huko huko katika chuo cha Peterhouse. Mtu wa elimu kama ile angeweza kukaa Cambridge hata uzee, akila na wakubwa na kuandika vitabu. Aliacha cheo hicho, akaja kuwafundisha watoto wa Nyanza hesabu, Biblia na mpira. Hakuoa. Maseno alikaa miaka 12, hadi mwaka 1940, na maisha yake yote yalikuwa ni shule.

Kwa Bwana Francis mpira haukuwa jambo la kupitishia wakati baada ya kazi. Ulikuwa sehemu ya kazi yenyewe. Aliupenda tangu ujana wake, akashuka uwanjani pamoja na wanafunzi. Aliamini kwamba tabia ya mtu haifichiki mbele ya mpira. Darasani mvulana mjanja aweza kumdanganya mwalimu. Lakini uwanjani, akinyimana mpira, au akimpiga mwenzake teke refa anapogeuka, au akiacha kukimbia kwa sababu timu yake imefungwa, watu wote humwona. Kwa hiyo mwalimu aliyesimama kando ya uwanja alisoma vijana wake kama vile wao walivyosoma vitabu.

Tusisahau ugumu wa mafundisho hayo. Mpira wa siku zile ulikuwa wa ngozi, wenye kibofu ndani na kamba za kufungia juu. Mvua ikinyesha ngozi ilikunywa maji, mpira ukawa mzito kama jiwe, na aliyeupiga kichwa penye kamba alirudi nyumbani na alama kwenye paji la uso. Vijana walicheza bila viatu. Wala hilo halikuwa aibu yao peke yao: mwaka 1948 timu ya India ilicheza katika michezo ya Olimpiki mjini London, na wengi wao walikuwa miguu mitupu, na mwaka 1956 timu ya jirani zetu Uganda ilizuru Uingereza, wachezaji wakashangiliwa kwa kucheza vivyo hivyo. Mguu mtupu humfundisha mtu kuuhisi mpira, lakini pia humfundisha mwalimu huruma. Mwenye kuwafundisha watoto wa miguu mitupu yampasa kujua nani ana kidonda, nani ana funza, na nani hakula tangu asubuhi.

Hapo ndipo tunapoona kwamba kazi ya mwalimu wa mpira ni ndugu wa kazi ya Chama cha msaada. Sisi twauliza: ni nani mgonjwa, ni nani hana karo, ni nani amefiwa? Yeye huyajua hayo kabla yetu, kwa kuwa kijana asiyekuja mazoezini siku mbili ana jambo nyumbani.

Sasa tuyafikie maneno ya wazee. Katika kikao cha Kamati mzee mmoja alisimama akasema: "Mnataka tumkumbuke Mzungu aliyewachapa watoto wetu fimbo na kuwaambia kwamba wakati wa kujitawala bado?" Swali hilo ni la haki, na hatulifuniki. Bwana Francis alikuwa mkali sana. Hakupenda siasa kuingia shuleni, na kama wamisionari wengi wa wakati wake aliamini kwamba Waingereza ndio wenye kujua saa ya Mwafrika kupewa madaraka. Baba wa siasa za kwetu, Jaramogi Oginga Odinga, alisoma Maseno katika miaka hiyo, na baadaye akafuata njia ambayo mwalimu wake asingeichagua. Katika jambo hilo historia imehukumu, na hukumu ilikuwa upande wa mwanafunzi.

Lakini yapo mambo mengine ambayo uadilifu watudai tuyaandike. Mwaka 1940 Bwana Francis alihamishiwa Alliance High School huko Kikuyu, akaiongoza kwa miaka 22. Wakati wa hali ya hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, watu wengi wa rangi yake walinyamaza juu ya mateso ya raia. Yeye hakunyamaza, aliwaandikia wakubwa wa serikali akilalamika juu ya ukatili wa askari wao. Na Uhuru ulipofika mwaka 1963, wengi wa waliokaa katika baraza la kwanza la mawaziri walikuwa wamepita mikononi mwake.

Jambo lililotugusa zaidi ni mwisho wake. Alipostaafu mwaka 1962 alikuwa na miaka 65. Watu walidhani atarudi kwao akapumzike. Hakurudi. Alikwenda Pumwani, mtaa wa watu wa hali ya chini mjini Nairobi, akawa mwalimu wa kawaida katika shule ya sekondari. Yeye aliyekuwa mkuu wa shule iliyosifiwa kuliko zote nchini alishika chaki tena mbele ya watoto wa mtaani, hadi alipofariki mwezi wa Julai 1966.

Wazee wetu, hatuwaombi mmsamehe aliyowakosea. Twawaomba tu mtazame mahali alipochagua kufia. Mtu anayewapenda vijana kwa ajili ya sifa huwaacha sifa zinapokwisha. Huyu sifa zilipokwisha alianza upya. Nasi twawajua watu wa hapa Muhoroni, weusi kama sisi, wasio na chuo wala cheo, waliofanya vivyo hivyo katika udongo mweusi wa kwetu, ambao wakati wa mvua ni tope na wakati wa jua ni nyufa. Tukimpa mmoja heshima, hatuwezi kuwanyima wengine.

Mbegu iliyopandwa shuleni haikubaki shuleni. Vijana waliomaliza masomo walikwenda kutafuta kazi Nairobi, Nakuru, Mombasa na Kampala, nao wakiwa ugenini waliunda vyama. Jambo hilo lilikuwa na mizizi ya zamani kwetu. Mwaka 1923 kilianzishwa chama cha walipa kodi wa Kavirondo, ambacho Archdeacon Owen wa Kanisa la Anglikana alikuwa kiongozi wake. Kilihimiza watu wachimbe vyoo, wapande miti na wajenge nyumba bora, huku kikiyapeleka malalamiko yao kwa serikali. Baadaye Luo Union ilienea katika miji yote ya Afrika Mashariki. Kazi yake ilikuwa kama yetu: kumsaidia mgonjwa, kumsafirisha marehemu kwao, kumsomesha mtoto. Na jioni, baada ya mchango kuhesabiwa, vijana walitaka mpira.

Hivyo timu kubwa za nchi hii zilizaliwa katika vyama vya msaada, na jambo hilo wanachama wengi vijana hawalijui. Luo Union ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1964. Mwaka huo huo ndugu zetu Waluhya waliziunganisha timu zao ndogo ndogo za kata wakaunda Abaluhya. Mwaka 1968 Luo Union na Luo Stars ziliungana, ikazaliwa Gor Mahia, nayo ikawa bingwa katika mwaka wake wa kwanza. Jina la Luo Union lilirudi tena uwanjani baadaye, likatwaa ubingwa wa taifa mwaka 1975, na kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mwaka 1976 na 1977. Gor Mahia nayo ilimaliza ligi ya 1976 bila kufungwa hata mara moja. Na mwaka 1987 ikaishinda Esperance ya Tunisia na kulileta Kombe la Washindi la Afrika nyumbani. Matokeo yalikuwa mabao 2-2 huko Tunis na 1-1 Nairobi, na mabao ya ugenini ndiyo yaliyoamua. Usiku ule hapakuwa na mtu aliyelala kutoka Kisumu hadi Muhoroni.

Lakini vyama hupita. Mwaka 1980 serikali iliamuru vyama vya kikabila vivunjwe na timu zibadili majina. Abaluhya ikaitwa AFC Leopards, na Luo Union ikaitwa Re-Union. Zilizofungwa siku ile zilikuwa ofisi, mihuri na madaftari. Mwalimu wa mpira kijijini hakuwa na ofisi wala muhuri. Kesho yake jioni alipiga filimbi kama kawaida, na vijana wakaja.

Historia ya Muhoroni yenyewe yatupa ushahidi uo huo. Baada ya Uhuru mashamba ya walowezi yaligawanywa, na watu wakaja kutoka pande nyingi kupanda miwa. Mwaka 1966 kiwanda cha sukari kilianza hapa, kikafuatwa na kile cha Chemelil. Katika nyumba za wafanyakazi Mluo aliishi ukuta kwa ukuta na Mkipsigis, Mluhya, Mkisii na Mhindi. Lugha iliyowaunganisha watoto wao ilikuwa Kiswahili, na mahali palipowaunganisha palikuwa uwanja wa mpira. Kiwanda kilipokuwa na nguvu, timu zilikuwa na nguvu: basi lilikuwapo, jezi zilikuwapo, na mchezaji hodari alipewa ajira.

Mwaka 2001 kiwanda chetu kiliwekwa chini ya mrasimu, na tangu hapo kila mwenye mwana hapa anajua tuliyoyapitia: miwa iliyokaukia shambani na mishahara iliyochelewa. Hata hivyo, katika umaskini huo huo vijana wetu walipanda hadi ligi kuu ya taifa. Muhoroni Youth ilicheza katika ligi hiyo kuanzia mwaka 2012, na timu zenye majina makubwa zilipanda barabara hadi kwetu kucheza mbele ya macho yetu. Mwaka 2017 ilishuka. Jirani zetu wa Chemelil nao walishuka mwaka 2020. Watu wengi walilia kana kwamba mpira umekufa.

Sisi tulipita uwanjani jioni moja baada ya Muhoroni Youth kushuka, tukiwa tumebeba majalada ya kazi kwapani. Tulikuta watoto wapatao thelathini wakimkimbilia mtu mmoja mwenye filimbi. Wachache walikuwa na viatu, na wengine walikuwa na kiatu kimoja kimoja, wamegawana na ndugu zao. Kando, wadogo zaidi walichezea mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba ya katani. Kwa maana tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017, watoto wamerudia ufundi wa babu zao. Tulimwuliza mtu yule kama amesikia kwamba timu kubwa imeshuka daraja. Alijibu: "Nimesikia, Bwana Karani. Lakini hawa bado hawajapanda, sasa watashukaje?" Akapuliza filimbi, akatuacha tumesimama.

Jibu lile limetukaa moyoni. Kiwanda chaweza kuinunua timu, lakini mchezaji hununuliwa akiwa amekwisha kufundishwa. Mwenye kumfundisha humpokea akiwa na miaka minane au tisa, hana thamani sokoni, na huenda hatakuwa nayo kamwe. Wengi wa vijana wale hawatacheza ligi yoyote. Watakuwa wakataji miwa, madereva, walimu, makarani kama sisi. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa ya utoto wao, katika saa zile za jioni ambazo pombe na vishawishi vingine huwaita vijana, palikuwa na mtu mzima aliyewangojea. Sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwa waliongojewa. Hatukuwa hodari, tulikuwa tukikaa benchi na kuchota maji. Lakini tukikosa siku mbili, tuliulizwa.

Tena, tusidhani jambo hili ni la wavulana peke yao. Mwaka 2016 timu ya taifa ya wanawake ilifika fainali za Afrika kwa mara ya kwanza, na tangu hapo mabinti hapa kwetu huja uwanjani bila kujificha. Mwalimu aliyewakubali mapema alichekwa na watu wazima, na baadhi ya waliocheka ni wanachama wa Chama hiki. Nasi twasema hivyo kwa kuwa tulikuwa miongoni mwao.

Lipo pia jambo la uwanja. Uwanja mmoja tuliouchezea utotoni haupo tena. Ulipimwa, ukakatwa vipande, ukajengwa. Hatutamtaja mtu, kwa sababu hatukuandika taarifa hii ili kugombana. Lakini mwalimu asiye na uwanja ni kama mvuvi aliyeondolewa ziwa. Viwanja vilivyosalia vikipotea katika wakati wetu, wajukuu watatuuliza tulikuwa wapi, na jibu kwamba tulikuwa mkutanoni halitatosha.

Basi, kwa heshima, twaleta mbele ya mkutano mkuu mambo matatu. La kwanza, katika daftari la hesabu ifunguliwe safu mpya iitwayo Mwalimu wa Mpira. Hata ikiwa mwaka mzima hatutakuwa na fedha ya kuandika humo, jina liandikwe. La pili, Chama kinunue kila mwaka mipira, pampu na filimbi, na kabla ya kukodi gari la mashabiki tuhakikishe vitu hivyo vimekwisha kununuliwa. La tatu, wazee wateuliwe kufuatilia hati za viwanja vya watoto vilivyobaki, wakati waliovipima na waliovitoa wangali hai kutoa ushahidi.

Kwa lugha ya kwetu mwalimu huitwa japuonj, nalo ni jina ambalo mtu hubaki nalo hata akiwa amestaafu, hata akiwa kaburini. Bwana Francis alilipata jina hilo Maseno, akalibeba hadi Pumwani. Wa hapa kwetu walilipata bila cheti chochote, kutoka vinywani mwa watoto. Siku ya mkutano mkuu, majina yao yatakaposomwa, twawaomba wanachama wote wasimame, hata wale wazee ambao magoti yao hayawaruhusu, wasaidiwe na vijana. Na ikiwa miongoni mwa vijana hao watakaowainua wamo waliopitia mikono ya mmoja wa wasomwao, hapo mtakuwa mmeiona kazi yake.

Sisi wenu katika utumishi wa Chama,
Karani